Mkonga huokoa injini, hauokoi abiria

Masika yakikolea, Ifakara huwa mji wa kutazama pua za magari. Bajaji na magari madogo hubaki mjini kwenye lami. Yale yanayoelekea vijijini utayatambua kwa bomba jeusi linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Watu wanaliita mkonga kwa kuwa linafanana na mkonga wa tembo, na gari lenyewe limerithi jina hilo. Mtu akikuambia "tunakwenda na mkonga", ana maana ya Land Cruiser ya dizeli, na ana maana pia kwamba mbele ya safari kuna maji.

Nilifunga safari kwenda bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, kutazama namna wagonjwa, hasa watoto na wajawazito, wanavyofika hospitali wakati barabara inapogeuka mto. Siku tatu njiani zilinionyesha kwamba habari hiyo haiwezi kusimuliwa bila kuyazungumzia mabomba mawili ya gari: linaloingiza hewa na linalotoa moshi. Mzazi anayempakia mwanawe kwenye pikapu wakati wa mvua anapaswa kuyaelewa yote mawili, hata kama hajawahi kushika usukani.

Bonde linalokunywa maji ya milima miwili

Kutoka Mikumi, barabara inachepuka kuelekea Kidatu, inapita katikati ya mashamba ya miwa, kisha inaingia bondeni. Upande mmoja kuna milima ya Udzungwa, upande wa pili nyanda za juu za Mahenge. Mvua inayonyesha kote huko hushuka katikati, kwenye Mto Kilombero, ambao nao hupeleka maji yake Rufiji. Ndiyo maana bonde hili hufurika karibu kila mwaka, na ndiyo maana lina rutuba ya kulima mpunga. Mwaka 2002 liliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya maeneo ya ardhioevu chini ya Mkataba wa Ramsar.

Kwa wenyeji, maji si mgeni. Wandamba wamevua na kupiga kasia humu vizazi kwa vizazi. Wakulima wa mpunga huhamia mashambani msimu wa kilimo na kuishi kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Hata mjini Ifakara, Mto Lumemo ukijaa, maji huingia mitaani mpaka kwenye vyumba vya kulala.

Kuvuka Mto Kilombero wenyewe, siku hizi ni rahisi. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa Mei 2018. Kabla ya hapo watu na magari walivuka kwa kivuko, na wengi hapa bado wanaikumbuka Januari 2016, kivuko kilipozama. Lakini daraja limetatua mto mmoja tu. Ukishavuka, ukafika Lupiro na kushika njia ya Malinyi, utakutana na vijito na mabonde madogo ambayo kiangazi huyaoni kabisa. Masika kila kimoja kinadai heshima yake.

Hewa ya watu 500

Dereva aliyetuchukua ni mzee wa makamo ambaye amekuwa akiendesha magari ya dizeli bondeni humu tangu ujana wake. Nilipomwamkia na kumuuliza kama gari lake linaweza kupita maji ya kifuani, alicheka.

"Marahaba, mwanangu. Gari halipiti maji ya kifuani. Gari linapita maji ambayo dereva ameyatazama."

Kisha akafungua boneti na kunipa somo ambalo nalifupisha hapa kwa faida ya msomaji.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche kama ya petroli. Inavuta hewa, inaikandamiza zaidi ya mara 20 mpaka inakuwa ya moto mkali, kisha dizeli inapulizwa na kuwaka yenyewe. Injini iliyozoeleka kwenye Land Cruiser za namna hii ina silinda sita na ujazo wa lita 4.2. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huvuta takriban lita 4,000 za hewa katika dakika hiyo. Mtu mzima aliyekaa ametulia huvuta lita sita mpaka nane. Maana yake gari moja linapumua hewa ya watu zaidi ya 500.

Sasa fikiria mdomo wa kuvutia hewa hiyo uko chini ya boneti, na boneti imeguswa na maji. Hewa hukandamizika, maji hayakandamiziki. Ndani ya silinda, nafasi inayobaki pistoni ikifika juu kabisa ni ndogo: vijiko vitatu vya chakula vya maji vinatosha kuijaza na kuzidi. Pistoni ikikutana na maji hayo, kitu fulani lazima kipinde, na mara nyingi ni ule mkono unaoishika pistoni. Gari huzimika papo hapo, katikati ya maji.

Hiyo ndiyo kazi ya mkonga: kupandisha mdomo wa hewa mpaka juu ya paa, mbali na maji. Ni kazi nzuri, na magari mengi yanayobeba wagonjwa bondeni yasingefika popote bila huo mkonga. Lakini mzee aliongeza kwamba mkonga uliofungwa ovyo ni pambo. Viungio vyake visipozibwa sawasawa, maji yatapenya palepale kwenye kiungio, chini ya boneti, huku bomba la juu likiendelea kupendeza.

Na mkonga ukiwa mzima bado haumalizi mambo. Difu zina vipumulio vidogo. Difu ya moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji. Feni ikikata maji kwa kasi inaweza kujipinda na kutoboa rejeta. Breki zilizolowa hazishiki. Ndiyo maana yeye husimama kwanza dakika chache gari lipoe, na akishatoka majini hukanyaga breki taratibu mara kadhaa kuzikausha. Jioni hukagua oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, gari haliendi popote.

Maji yaliyotulia na maji yanayokwenda

Maji ya kwanza tuliyakuta baada ya kupita Lupiro. Yalikuwa ya majaruba ya mpunga yaliyofunika barabara, yametulia kama ya kwenye beseni, na vijana walikuwa wakipita na baiskeli begani, maji yakiishia magotini. Mzee alishuka, akatazama, akaingiza gia ya nguvu na kwenda mwendo wa mtu anayetembea. Hakubadilisha gia wala kuinua mguu kwenye mafuta mpaka tulipotoka. Mbele ya gari kulijengeka wimbi dogo, na nyuma yake boneti ilibaki kavu.

Maji ya pili yalikuwa kijito kilichopanda juu ya barabara. Kwa macho yangu hayakuwa na kina kuliko yale ya kwanza. Mzee alizima gari, akashuka, akaokota kijiti na kukirusha. Kijiti kilikwenda kwa kasi kuliko mtu anayekimbia. Akarudi, akakaa chini ya mti.

"Hapa tunasubiri."

Hapa ndipo penye kosa ambalo limeua watu wengi Afrika Mashariki. Watengenezaji wa magari hutaja kina ambacho gari linaweza kupita: kwa Toyota Hilux ni sentimita 70, kwa Ford Ranger mpya sentimita 80. Watu husikia namba hiyo na kudhani ni ruhusa. Lakini maji yanayokwenda yana hesabu yake nyingine. Wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani huwafundisha wananchi wao kwamba sentimita 15 za maji ya kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 zinaweza kubeba gari dogo, na sentimita 60 zinaweza kusomba magari mengi, pikapu zikiwemo. Sababu ni kwamba gari huelea. Kila sentimita 30 za maji zinazopanda ubavuni huliondolea gari uzito wa takriban kilo 680, na tairi zikishapoteza uzito hazishiki ardhi tena. Baada ya hapo dereva amebaki na usukani tu.

Mkonga hausaidii kitu katika hilo. Injini itaendelea kunguruma vizuri huku gari likipelekwa mtoni.

Wazazi wa Arusha hawajasahau Aprili 12, 2024, gari la shule liliposombwa na maji kwenye korongo na watoto kupoteza maisha. Wakenya hawajasahau Desemba 4, 2021, basi lilipojaribu kuvuka Mto Enziu, Kaunti ya Kitui, likiwa na wanakwaya waliokuwa wakienda harusini, na zaidi ya watu 30 wakafa. Masika hayohayo ya 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mafuriko na maporomoko yalikuwa yameua watu 155 nchini. Wahenga walishasema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Wakati sisi tumekaa, ng'ambo ya pili ilifika pikapu ya abiria ikitokea upande wa Malinyi, nyuma imefunikwa turubai. Ilikuwa na mkonga mpya unaong'aa, na dereva wake kijana. Abiria walikuwa na haraka, hasa mama mmoja aliyekuwa na mtoto mwenye homa kali. Kijana aliingia majini. Mzee wetu alisimama na kupunga mikono yote miwili. Pikapu ilipofika kama urefu wake mara mbili, sehemu ya nyuma ilisogea pembeni, taratibu kama mlango unaofunguliwa na upepo. Tukasikia kelele kutoka chini ya turubai. Kijana akawahi kurudi nyuma, na hakujaribu tena.

Tulisubiri saa tatu kasoro. Maji yalipungua kiasi cha shubiri moja, kijiti kikawa kinakwenda mwendo wa bata, na magari yote mawili yakavuka salama.

Bomba la pili

Yule mama aliposhuka upande wetu kunyoosha miguu, nilikwenda kumsalimia. Mtoto wake ana miaka miwili. Alikuwa amepimwa malaria kwenye zahanati ya kijijini, akapatiwa sindano ya artesunate kama dozi ya kwanza, na kuandikiwa rufaa. Sindano hiyo ndiyo iliyompa mama nguvu ya kusubiri. Lakini alikuwa na malalamiko mengine.

"Dada, maji sikuyaogopa kama moshi. Mule ndani tulifumba pua na khanga, kichwa chote kinaniuma."

Mzee akainama chini ya pikapu. Bomba la moshi lilikuwa limekatika kwenye mashimo, na fundi alilifupisha badala ya kuliunga, likaishia chini ya bodi, katikati ya abiria. Moshi ulipanda kupitia matundu ya sakafu, na turubai likauzuia usitoke.

Mambo ya bomba la moshi, au ekzosi, yana pande mbili. Magari yanayopita maji mengi hubadilishwa bomba hilo kwa sababu ya maana. Injini ikiwa inafanya kazi, moshi unasukuma maji yasiingie hata kama mdomo wa bomba umezama, na ndiyo sababu dereva mzoefu haachii mafuta akiwa majini. Gari likizimika humo, msukumo unakwisha na maji yanarudi nyuma kuelekea injini. Kwa hiyo wengine hulipandisha bomba nyuma ya kichwa cha gari, kama lilivyo kwenye matrekta yanayolima majaruba. Likiungwa vizuri na mdomo wake ukapita juu ya vichwa vya watu, ni kazi ya busara. Likiishia usawa wa nyuso za wanaosimama nyuma, limehamisha tatizo kutoka kwenye injini na kulipeleka kwenye mapafu ya abiria.

Upande wa pili ni wa fasheni na biashara. Wapo wanaotoa sailensa ili gari lingurume. Wapo wanaong'oa masega, kile kichujio kilichomo ndani ya ekzosi, kwa kuwa madini yake yana soko. Kwenye pikapu mpya za dizeli wapo wanaotoa chujio la masizi wakidai gari linapata nguvu. Vijana huona kwenye simu video za pikapu za Marekani zinazotapika moshi mweusi kwa makusudi, wakadhani huko ni halali. Si halali: sheria ya shirikisho ya hewa safi ya Marekani inakataza kung'oa vifaa hivyo.

Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa sigara. Masizi yake ni madogo kiasi cha kupita koo na kushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mtoto huathirika zaidi kwa sababu anapumua haraka: mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, mtoto mchanga mara 30 hadi 60. Mkiwa wawili kwenye moshi uleule, kwa uzito wake yeye ananywa mwingi kuliko wewe.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana: gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mwaka 1992, jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha taarifa ya watoto 20 waliotibiwa kwa sumu ya gesi hiyo baada ya kusafiri nyuma ya pikapu. Watoto 17 walikuwa chini ya kibanda kilichofungwa, watatu chini ya turubai. Mmoja alikufa na mwingine akabaki na madhara ya kudumu kwenye ubongo. Katika magari yote, ama ekzosi ilikuwa inavuja, ama mdomo wake ulitokea nyuma badala ya ubavuni. Ni kweli dizeli hutoa gesi hii kidogo kuliko petroli, lakini chini ya turubai lililofungwa, kidogo kidogo hujaza kibaba.

Na tazama dalili zake: kichwa kuuma, kichefuchefu, kutapika, usingizi usio wa kawaida. Katika bonde kama Kilombero, mama yeyote akiona hivyo atasema ni malaria. Huenda ni malaria kweli, na kipimo ni lazima. Lakini ikiwa dalili zimeanza njiani, na waliokaa pamoja wote wanalalamika kichwa, simamisha gari, watoe watoto kwenye hewa, na mkifika mweleze mhudumu kwamba mlisafiri kwenye moshi.

Pale kwenye kijito, jambo lilimalizwa kwa njia rahisi. Mzee alimwambia kijana, "Mwanangu, mama na mtoto wakae mbele, na hilo turubai lifunguliwe pande zote." Bwana aliyekuwa amekaa kiti cha mbele alihamia nyuma bila ubishi. Siku ya pili nilimpigia yule mama simu. Mtoto alikuwa amelazwa Ifakara, ameketi kitandani, na ameanza kukataa uji, jambo ambalo mama yake alilichukulia kuwa dalili njema.

Kabla hujampakia mwanao

Mzazi hana haja ya kuwa fundi. Yapo machache tu ya kuangalia.

Moja, dozi kwanza. Mtoto akizidiwa, pitia zahanati iliyo karibu kabla ya safari ndefu. Dawa ya kwanza ikishaingia, hatari ya kusubiri maji yapungue inakuwa ndogo zaidi.

Mbili, piga simu mapema. Kwa mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga, mpango wa m-mama unapatikana kwa namba 115 bila malipo, na pale pasipo na ambulansi hutumia madereva wa jamii waliosajiliwa. Anayetarajia kujifungua kipindi cha masika asingoje uchungu akiwa ng'ambo ya maji. Asogee mapema kwa ndugu walio karibu na hospitali.

Tatu, inama uone bomba la moshi linaishia wapi. Likiishia chini ya abiria, au likivuja kwa sauti ya kukoroma, omba kiti cha mbele kwa ajili ya mtoto au tafuta gari lingine. Turubai lisifungwe nyuma peke yake wala mbele peke yake, maana gari likitembea huvuta moshi ndani.

Nne, kwenye maji yanayokwenda, shukeni. Usikae ndani ya gari ukisubiri kuona kama dereva ataweza. Na wakati wa kusubiri, watoto wasichezee ukingoni: Kilombero ina mamba na viboko, na maji yaliyotuama hubeba kichocho.

Tano, gari likizimika majini, asiwepo wa kumshinikiza dereva kuliwasha tena. Kuliwasha ndiko kunakomalizia injini, na dakika hizo ni za kuwatoa watu.

La mwisho ni la ulimi. Kijana yule hakuingia majini kwa kiburi chake peke yake. Abiria nyuma walikuwa wanapiga bodi na kumwita mwoga. Mahali pengi dereva huvuka kwa sababu sisi tumemwambia avuke. Ukimsikia dereva anasema "hapa tunasubiri", mshukuru, tandika khanga chini ya mti, umnyonyeshe mtoto.